"Mama, maji hufagiliwa": uzoefu wangu na fundi wa sakafu ya bafu, Uyole, Mbeya

Nyota moja. Nilitaka kumpa mbili, nikaikumbuka kauli yake.

Kila mtu akimaliza kuoga, kona iliyo mbali na trapu (tundu la kutolea maji sakafuni) inabaki na dimbwi la upana wa sahani. Nilipomwonyesha, hakuinama hata kuweka pima maji. Alisema: "Mama, hilo si bafu? Maji hufagiliwa." Akabeba mfuko wake wa zana, akaondoka. Mtu amelipwa ili maji yaondoke yenyewe, halafu ananikabidhi ufagio!

Kosa lake la kwanza linaeleweka. Zege la chini alilimwaga tambarare kama la sebule, halafu akataka kuutengeneza mteremko kwa gundi ya vigae: upande mmoja nyingi, upande mwingine kidogo. Gundi haikuumbwa kwa kazi hiyo. Ikizidi unene wa sentimita moja hivi, inasinyaa ikikauka na kuacha uwazi chini ya kigae. Gongeni vigae vyangu vya kona kwa mpini wa mwiko, vinalia kama debe tupu.

Mteremko unajengwa kwenye lipu ya juu ya zege, kabla kigae hakijafunguliwa kwenye boksi. Kipimo ni sentimita 2 kwa kila mita. Bafu langu ni sentimita 90 kwa 120, trapu iko ukutani mwisho, kwa hiyo kona ya mbali inatakiwa iwe juu ya trapu kwa sentimita 2 na nusu. Unapiga mstari wa usawa ukutani pande zote, unapima kushuka kutoka hapo, unaweka alama, ndipo unavuta ubao ulionyooka kutoka alama hadi kwenye trapu. Kwa ukubwa huo zege la unene wa sentimita 7 linakula nusu mfuko wa saruji, ndoo mbili za mchanga na ndoo nne za kokoto ndogo, ndoo za lita 20. Juu yake inakuja lipu ya mteremko, saruji moja kwa mchanga nne, kavu kavu: ukiifinya mkononi ishikane kama tonge, isichuruzike maji. Ikiwa laini itateleza kuelekea trapu na mteremko wote unapotea usiku huohuo.

Na trapu yenyewe. Aliifunga mwanzoni, juu kupita kiasi, ndiyo maana hata maji yanayofika pale yanapanda mlima. Ukiwa na gundi ya milimita 5 na kigae cha milimita 8, mdomo wa trapu uchomoze juu ya lipu kwa sentimita 1 tu, ili kigae kikikaa, kichujio kiwe chini yake kidogo. Halafu akaweka vigae vizima vya 40 kwa 40. Kigae kikubwa hakipindi! Sakafu inayoshuka kutoka pande mbili au tatu inataka vidogo vya 10 kwa 10, au vikubwa vilivyokatwa kwa mshazari.

Lazima niseme haki. Kuta zake zimenyooka, mistari ya vigae inakutana hadi kwenye kona ya dirisha, na bomba la inchi 2 alilizika vizuri. Tangu amalize sijasikia harufu. Kwa kuta ningemwita tena. Kwa kweli nilishaanza kufikiria kumwongezea nyota.

Lakini mvua zilipoanza, ukuta wa chumba cha kulala unaopakana na bafu ulianza kutoa chumvi nyeupe, na rangi inabanduka kwa viganja. Nyumba zetu huku ni za tofali za kuchoma, na tofali la kuchoma linanyonya maji kama mkate kwenye chai. Maji ya dimbwi yamekula grauti (kijazio cha nafasi kati ya vigae), yameingia chini ya vigae, yamepata njia, kwa sababu dawa ya kuzuia maji hakupaka. Zinatakiwa koti mbili juu ya lipu, ya pili ikikatisha ya kwanza, na zipande ukutani walau sentimita 20, kwenye pembe ukitandika kitambaa cha wavu. Kabla ya vigae unaziba trapu kwa tambara lililofungwa kwenye nailoni, unamwaga ndoo moja na nusu, unachora alama ya penseli usawa wa maji, unaacha saa 24. Alama ikishuka, unatafuta tundu. Saa 24 tu, mama wa watu asingebandukiwa ukuta.

Sasa kila kitu kinavunjwa hadi kwenye zege. Fundi mpya ameshaambiwa: lipu ikishamwagwa, imwagiliwe na kufunikwa nailoni siku 7, na kwa baridi ya Mbeya ya Juni na Julai aongeze siku kadhaa, maana saruji inakaza polepole. Pima maji nitaishika mimi.

Nyota ibaki moja. Ile ya kuta nimeirudisha.