Mnara wa Uwanja wa Olimpiki, Helsinki: nilipanda kwa ajili ya fundi mwashi

Wengi wakifika hapa hupiga picha na sanamu ya mkimbiaji Paavo Nurmi nje ya uwanja, wakaenda zao. Ndugu zangu, kateni tiketi mpande mnarani. Lifti ipo. Mnara una mita 72.71, sawasawa na umbali ambao Mfini Matti Järvinen alirusha mkuki akapata dhahabu ya Olimpiki mwaka 1932.

Mimi ni mwashi, na kilichonipandisha si mandhari, ni mkimbiaji Hannes Kolehmainen wa Kuopio, hapa Ufini. Olimpiki ya Stockholm, 1912, kwenye mita 5,000, alikimbizana na Mfaransa Jean Bouin bega kwa bega hadi utepe: 14:36.6 kwa 14:36.7. Akachukua pia mita 10,000 na mbio za nyika. Dhahabu tatu, lakini bendera iliyopandishwa ilikuwa ya Urusi, maana Ufini ilikuwa bado chini yake.

Kisha akahamia Marekani, akawa anajenga kwa matofali. Hapo ndipo huwa nanyamaza. Aliyeshika mwiko tangu asubuhi anajua: unainama, unainuka, unainama tena, jioni kiuno kimekufa ganzi na miguu inadai kitanda tu. Yeye akaendelea kukimbia. Mwaka 1920 kule Antwerp alishinda marathoni ya kilomita 42.75, ndefu kuliko ya leo, kwa 2:32:35.8. Jüri Lossmann wa Estonia alikuwa nyuma yake kwa sekunde 13 hivi. Safari hii bendera ilikuwa ya kwao.

Tarehe 19 Julai 1952, Nurmi aliwasha moto wa Olimpiki chini uwanjani, na Kolehmainen, mzee wa miaka 62, akauwasha huku juu mnarani. Ndiyo maana nimekuja na mwanangu. Nilishika ukingo kwa viganja hivi vilivyopasuka kwa saruji, upepo unatupiga usoni, uwanja mzima uko chini yetu, na bahari kule mbele. Akaniuliza, “Baba, kumbe alikuwa fundi kama wewe?” Nikamwambia ndiyo, wa matofali kabisa. Akanishika mkono, akachungulia tena chini.

Nyota tano. Chagueni siku isiyo na mawingu, na hata kama ni Julai, chukueni koti; huko juu kuna baridi. Msiwe na haraka ya kushuka.