Sanity Obscure ya Believer: albamu safi, diski ya kuchoma

Nyota moja. Na ieleweke mapema kwamba hasira hizi ni za diski, si za bendi ya Believer; vijana wale wa Pennsylvania, Marekani, hawajanikosea kitu.

Tangazo lilisema "mpya, haijafunguliwa", na nailoni ilikuwepo kweli. Kugeuza diski tu, chini ni kijani! CD ya kiwandani hung'aa fedha upande ule. Ukijani au ubuluu ni rangi ya diski tupu inayochomwa, yaani kurekodiwa kwa leza, kwenye kompyuta. Iinamishe kwenye mwanga utaona mpaka wa duara: ndani pamekolea, nje pasafi, kwa sababu kuchoma huanzia katikati, na albamu hii haijazi diski. Kisha soma pete iliyo karibu na tundu. Kiwanda huandika pale namba ya toleo; yangu ina namba ya diski tupu basi. Ila msihukumu kwa kukosekana kwa alama ya IFPI, shirikisho la kimataifa la kampuni za rekodi. Albamu ni ya 1990, na alama hizo zilikuja miaka kadhaa baadaye. Karatasi ya kasha nayo ipime kwa kidole kilicholowa: wino ukikufuata, hiyo ni printa ya mezani.

Nikamwandikia muuzaji kwa adabu zote. Jibu lake: "Kaka, mziki si ni uleule? Unasikiliza kwa macho?"

Haya, tusikilize kwa masikio. Weka "Dies Irae", wimbo wa sita. Vinanda vya nyuzi na soprano ya Julianne Laird, maneno ya Kilatini ya misa ya wafu, halafu gitaa la Kurt Bachman linakata katikati kama msumeno. Mwaka ule nani mwingine wa thrash, ule muziki mzito wa gitaa za kasi, alikuwa akithubutu hivyo, achilia mbali bendi ya Kikristo? Kwenye diski yangu soprano akipanda juu, sauti inapata ukungu, na matoazi ya mpiga ngoma Joey Daub yanalia kama maji yanayochemka. Hiyo si kasoro ya studio, ni MP3, faili la sauti lililobanwa na kupunguzwa, ikageuzwa kuwa CD. Ushahidi: nakili wimbo kama WAV, faili lisilobanwa, ufungue kwenye programu ya kuhariri sauti, tazama spektogramu, yaani picha ya sauti kuanzia nzito hadi nyembamba. CD hubeba sauti hadi karibu kHz 22. Yangu imekatwa kwa kHz 16, mstari umenyooka kama wa rula. MP3 za kbps 128, yaani zilizobanwa sana, mara nyingi hukatwa hapohapo.

Nikiri jambo: hata toleo halali sauti yake ni kavu, besi imejificha nyuma ya gitaa, na ule wimbo wa bendi ya U2 waliomalizia nao hadi leo sioni ulifuata nini. Lakini zile kona za mapigo kwenye wimbo wa "Nonpoint", gitaa linasimama ghafla na ngoma haijapotea hata nusu pigo, zimefika salama hata kwenye feki hii. Kwa hilo naongeza nyota, ziwe mbili.

Hapana, nairudisha. Nimefungua kasha tena sasa hivi, meno mawili ya kushikilia diski yamevunjika, na vipande vinatembea humo ndani vikikwaruza hata hicho kijani. Mnaonunua, ombeni picha ya upande wa chini kabla ya kutuma hela.