Miezi minane na laptopu inayowaka kwenye maandishi matupu

Nina saiba ndogo Kayole, na mashine inayobeba kazi yote ni ThinkPad T430, zile zilizotumika kwanza Uingereza ndipo zikaletwa huku. Niliinunua Luthuli, barabara ya maduka ya vifaa vya umeme katikati ya Nairobi. Ina RAM ya jigi 4 na Debian 12, mfumo endeshi wa familia ya Linux. Faili za wateja zinakaa humo, na printa imechomekwa humo.

Jumatatu moja asubuhi niliandika nenosiri kwenye ukurasa wa kuingilia, skrini ikameta, ikanirudisha palepale. Nikaandika tena, ikawa vilevile. Mama mmoja alikuwa amekuja kuchukua barua ya shule ya mtoto wake, tuliyoiandika Ijumaa.

“Kijana wangu, hiyo mashine imekufa?”

“Haijakufa, mama. Nipe dakika kumi tu.”

Nikabonyeza Ctrl+Alt+F3. Skrini ikawa nyeusi, na juu kushoto ukatokea mstari mmoja: saiba login. Niliandika jina, nikaandika nenosiri (halionekani hata kwa nyota, lakini linapokelewa), nikaingia bila shida. Amri ya df -h ikanionyesha ugonjwa: diski imejaa asilimia 100. Desktopu, yaani ule uso wa madirisha na picha, inahitaji nafasi ya kuandika vifaili vyake inapowaka, ikikosa inakutupa nje. Nikasafisha kwa sudo apt clean na sudo journalctl --vacuum-size=200M, kisha nikaandika lp -o media=A4 barua.pdf. Printa ikanguruma. Mama akaondoka na barua yake, na skrini bado nyeusi.

Siku nzima niliwaza jambo hilo. Mashine ilikuwa nzima kabisa. Kilichoanguka ni ule mlango wa picha peke yake. Jioni nikapima matumizi ya RAM kwa free -h. Desktopu ya GNOME ikiwa imewaka, kabla sijafungua chochote, zaidi ya jigi moja ilikuwa imeshaliwa. Bila desktopu, hata megabaiti 300 hazikufika. Kwa mashine yenye jigi 4, hiyo ni nafuu kubwa mno.

Nikaamua mashine iwe inawaka moja kwa moja kwenye maandishi, bila desktopu. Nikaandika hivi:

sudo systemctl set-default multi-user.target

Basi. Amri hiyo inabadilisha kiungo kimoja tu, default.target ndani ya /etc/systemd/system, na ukiwasha tena unapokelewa na mstari wa maandishi. Kurudi ulikotoka ni amri ileile ukiweka graphical.target mwishoni. Ukikuta maelezo yanayokuambia uhariri /etc/inittab, jua ni ya zamani. Debian ilihamia systemd, programu inayowasha mfumo na huduma zake, kwenye toleo la 8, mwaka 2015, na faili hilo halitumiki tena.

Sasa nieleze yaliyoniuma, maana hayo ndiyo ningependa mtu angeniambia mapema.

La kwanza ni waifai. Asubuhi ya kwanza hakukuwa na intaneti. Nenosiri la waifai lilikuwa limehifadhiwa chini ya akaunti yangu, kwenye hazina ya siri ya GNOME, na hazina hiyo haifunguki mpaka uingie kwa desktopu. Nilifungua nmtui, programu ya kupanga mtandao kwenye maandishi, nikahariri muunganisho, nikaweka alama kwenye sehemu ya watumiaji wote, nikaandika nenosiri upya. Tangu siku hiyo mtandao unapatikana hata kabla sijaingia.

La pili ni macho. Herufi za kawaida ni ndogo mno kwa mtu anayekaa mbele ya skrini tangu saa mbili asubuhi hadi saa tatu usiku. Endesha sudo dpkg-reconfigure console-setup, chagua aina ya herufi ya Terminus, kisha ukubwa wa 16x32. Herufi zinanona, unazisoma hata ukiegemea kiti. Kwangu hii ndiyo iliyoamua kama ningeendelea au ningerudi nyuma.

La tatu liliniumiza zaidi. Stima ilipotea mchana, nikaendelea kuandika wasifu wa mteja kwa betri. Kwenye desktopu ungeona onyo. Hapa hakuna onyo, laptopu ikazima ghafla na kurasa mbili zikaenda. Nilimwomba kijana wa watu msamaha na nikamwandikia upya bila malipo. Sasa kwenye ~/.bashrc, faili la mipangilio ya amri zangu, nina mstari huu wa kusoma asilimia ya betri:

alias betri='cat /sys/class/power_supply/BAT0/capacity'

Naandika betri, inanijibu 43. Naangalia kila stima inapoyumba, na kuhifadhi kazi kila baada ya aya kumekuwa kama kupumua.

Kuna na hili: ukitaka brauza, sudo systemctl isolate graphical.target inaleta desktopu bila kuwasha upya. Lakini ukirudi kwenye maandishi kwa isolate, kila kilichokuwa wazi kule kwenye picha kinauawa papo hapo, bila kuulizwa kama umehifadhi. Funga kila kitu kwanza.

Kazi yenyewe imekuwa tamu. Ninaandika kwa nano, ninapanga faili za wateja kwa mc, na Alt pamoja na mshale wa kushoto au kulia inanihamisha kutoka tty (skrini ya maandishi) moja hadi nyingine: hapa barua, pale foleni ya printa. Mashine inawaka na kuwa tayari kabla sijamaliza kufungua dirisha la duka. Feni, iliyokuwa ikivuma kutwa, siku hizi naisikia mara chache. Na akili yangu imetulia: hakuna kijidirisha kinachoruka katikati ya sentensi.

Kwa picha, video, au fomu za serikali za mtandaoni, njia hii haitakufaa, na sitamshauri mtu ajitese. Fomu hizo nazifanyia kwenye mashine ya wateja iliyo kando, yenye desktopu na mausi kama kawaida.

Mdogo wangu anayesoma chuo alikuja likizo akaiona. “Bro, niwekee hii kwa yangu.” Sikumbadilishia chochote. Nilimwonyesha njia ya kuonja kwanza: menyu ya GRUB, ile inayokuja mashine inapoanza kuwaka, ikitokea, bonyeza e, nenda kwenye mstari unaoanza na linux, ongeza 3 mwishoni baada ya kuacha nafasi, kisha Ctrl+X ili iwake. Inawaka kwenye maandishi mara hiyo moja tu. Ukiizima na kuiwasha, desktopu yako iko palepale. Alionja siku mbili. Ya tatu nilimkuta ameshaandika set-default mwenyewe, na ananiuliza zile herufi nono za skrini nazipataje.