Dawa ya kuvu ya nzi wa maembe: chupa ya kwanza hasara, ya pili ndio nimeielewa

Haya wenye miembe, naandika hii mapema kabla msimu haujachanganya maana huku Malindi kila nikikutana na mtu ananiuliza ile dawa ya kuvu inafanya kazi ama ni porojo za wenye maduka. Inafanya. Lakini si chupa yoyote utakayouziwa, na si peke yake.

Kwa asiyeijua, hii si kemikali, ni kuvu hai inaitwa Metarhizium, spora zake, yaani vimbegu vyake vidogo sana, zimetiwa kwenye mafuta, unachanganya na maji unapiga kwa bomba chini ya mti. Chini kabisa, kwenye mchanga, si kwenye majani. Hata mimi nilicheka. Lakini mwangalie huyu nzi, huyu aliyeonekana Kenya 2003 akatuvurugia embe zetu za ngowe na boribo, anadunga embe anataga ndani, mabuu yanakula, embe linaanguka, yanatoka yanajichimbia mchangani sentimita chache tu yanakuwa pupa, siku kumi hivi nzi wapya hao wanapaa. Kwa hivyo mchangani lazima apite, na kuvu iko pale inamsubiri.

Na jinsi inavyomwingia ndio raha yenyewe. Haina haja aile, imguse tu. Spora inanata kwenye ngozi yake, inachipua, halafu inatoa vimeng'enya, lipasi inashughulikia ile nta ya juu, protiasi inavunja protini, kitinasi inayeyusha kitini ambayo inalipa gamba la mdudu nguvu, ikishatoboa imeingia inamla taratibu kwa ndani huku inamtilia sumu zake zinaitwa destruksini. Akifa na pakiwa na unyevu anaota vumbi la kijani mwili mzima, utadhani kamwagiwa unga wa mlonge. Tena kuvu za jamii hiyo huishi kwenye mizizi ya mimea, na 2012 watafiti wa Kanada walionyesha kwa maharagwe na nyasi kwamba inachukua nitrojeni ya mdudu iliyemuua inaupelekea mmea. Yaani imekuulia adui halafu ikamgeuza mbolea, ingawa mwembe wa mzee wangu usitegemee ushibe kwa hilo.

Sasa chupa ya kwanza. Nilinunua duka moja la pembejeo, imepangwa dirishani jua la saa nane linaipiga, mimi sikujua, nikalipa pesa nzuri nikapiga miti yote, wapi. Msimu ule embe zilioza kama zamani nami nikatukana dawa kwa kila aliyenisikiliza. Kumbe kitu hai ukikianika kinakufa, nilikuwa nimepiga mafuta na maji. Ya pili nikaitafuta kwa mtu anayeiweka kwenye friji, nikasoma tarehe, nikapiga jioni jua likishatua na mchanga una unyevu wa mvua ya jana yake, maana juani kavu haichipui.

Kabla ya kusifu nikafanya mtihani wangu, mabeseni mawili, moja mchanga wa chini ya mti uliopigwa, jingine mchanga mkavu wa kando ambao haujaguswa, embe za funza nikagawa sawa, nikafunika kwa kipande cha chandarua. Beseni la pili nzi walitoka mpaka nikachoka kuhesabu, la kwanza walikuwa wa kuhesabu kwa vidole, na nilipochambua mchanga nikakuta pupa zimeota ule ukijani. Hapo nikaamini.

Ubaya wake upo. Ni ya taratibu, kama umezoea kupiga leo kesho wadudu chini itakukera. Bei imechangamka. Nzi mkubwa anayeruka kutoka kwingine haimgusi, huyo umtegee ile mitego ya harufu inayovuta madume, na embe zilizoanguka uziokote uzifunge kwenye mfuko mweusi uzianike juani, kazi ya kuchosha lakini hakuna ujanja. Na tafadhali usiichanganye na dawa ya ukungu ya kupiga maua, kuna jamaa alizitia zote bomba moja eti aokoe muda, kanunua kuvu na dawa ya kuua kuvu akazipiganisha humo humo ndani ya bomba, akaja kulalamika kwangu.

Nyota nne kwa tano, hiyo moja nimeitoa kwa sababu ya bei na kwa sababu wengi wanaoiuza hawajui kuitunza. Kilichobaki ni jirani yangu, embe zake zinaozea chini na nzi wake wanavuka senyenge kuja kwangu kama wamealikwa. Msimu huu nimemwambia nusu chupa nitamtolea mimi.