Sili za haidroliki kutoka Dar: nyota moja (tuseme mbili)

Nyota moja, na hiyo moja ni kwa sababu sifuri haiwekeki.

Duka lenyewe silitaji. Liko Gerezani, wanauza vipuri vya haidroliki, na waliniuzia seti ya sili za silinda, zile pete za kuzuia oili isivuje, kwa shilingi 85,000. Nikarudi nazo Mafinga kwa basi, nimezipakata kama mayai ya kuku wa kienyeji. Tukazifunga jioni. Kesho yake saa mbili asubuhi tukawasha mashine, na kabla ya adhuhuri oili inachuruzika kwenye shafti, ile fimbo ya chuma inayotoka na kuingia kwenye silinda, kama pua ya mtoto mwenye mafua. Asubuhi moja tu! Kandambili za mnadani zinadumu kuliko hizo.

Mashine ni ya kupasulia kuni, nimeichora mwenyewe kwenye daftari la hesabu la binti yangu. Nauza kuni kwa shule moja ya bweni na waoka mikate wawili, na aliyeishi Mufindi anajua kwamba kupata mlingoti, yaani mkaratusi, si kazi, kazi ni kuupasua. Ukiwa mbichi unapasuka kwa heshima. Ukishakauka, nyuzi zimejisokota, shoka linazama halitoki, na wewe unabaki unalipiga gogo mateke huku mpishi wa shule anapiga simu. Kijana wangu mmoja aliteguka bega akigongea kabari kwa nyundo ya kilo tano. Hapo nikasema basi.

Silinda niliipata kwa muuza skrepa, ya mkono wa kijiko, ile mashine ya kuchimbia, kilichokufa, nikaipima kwa kilo kama chuma chakavu kingine. Kipenyo cha ndani sentimita 10. Hesabu yake ni ya darasani: uso wa pistoni ni kama sentimita 78 za mraba, ukiupa presha ya kilo 150 kwa kila sentimita ya mraba unapata karibu tani 12. Mlingoti gani utabishana na tani 12? Gogo linalala juu ya bimu, mbele yake kabari imechomelewa kwenye bimu, nyuma yake kuna bamba linalosukumwa na shafti. Kwenye daftari ilikuwa imeisha.

Haikuisha. Injini yangu ni ya petroli, hosipawa 6.5, na pampu ya kwanza ilikuwa ya kawaida. Bamba linakwenda mbio, likigusa gogo tu injini inakohoa, inazima. Nililaumu petroli, nikamlaumu aliyeniuzia, nikabadilisha plagi mara mbili. Kumbe pampu ile ilitaka kusukuma oili nyingi kwa nguvu nyingi kwa wakati mmoja, na injini yangu haina ubavu huo. Inayofaa ni pampu ya hatua mbili. Bamba likiwa halijagusa kitu, pampu inamwaga oili nyingi, kwa hiyo linakwenda haraka. Likikutana na ubishi, inajibadili yenyewe, oili inapungua na nguvu inapanda. Anayetaka kutengeneza mashine kama hii aanze na pampu hiyo, asipite njia yangu.

Siku ilipokubali, nilichagua gogo baya kuliko yote, lenye kifundo kikubwa kama kichwa cha ndama, lililokuwa limeshindikana tangu masika. Injini ikashusha sauti. Gogo likalia taratibu, krrr, kama mlango wa zamani, halafu likaachia pa! na harufu ya mlingoti, ile kama dawa ya kuchua kifua, ikajaa uwanja mzima. Mzee jirani alikuwa ameegemea uzio. "Kamwene," akasema, "sasa hiyo inapasua au inatafuna?" Siku hiyo ningeipa mashine yangu nyota kumi.

Wiki haikupita, shafti ikaanza kutoa jasho. Kijana akadhani ni mpira wa haidroliki, akapeleka kidole kwenye kiungio injini ikiwa inanguruma. Nilimfokea mpaka majirani wakatoka nje. Jamani, msipapase uvujaji wa haidroliki kwa mkono. Tundu dogo kama la sindano linaweza kuingiza oili chini ya ngozi, na kidole kikaenda. Tumia kipande cha boksi, pitisha hapo, kikilowa umepajua. Boksi likatoka kavu kwenye mpira. Tatizo lilikuwa pale shafti inapotokea kwenye silinda, yaani sili.

Basi nikapanda basi la alfajiri. Dar, joto, mguu umevimba kwa kukaa. Kesho yake nikaingia dukani, nikamsalimia kijana wa kaunta, akanijibu kwa nyusi. Sikio moja lina spika, mbele yake chipsi. Nikaweka sili zangu za zamani juu ya kaunta, akainua moja kwa vidole viwili kama mtu anayeokota panya kwa mkia. Akaivuta kwenye dole gumba.

"Milimita hamsini hii."

"Mwanangu, huipimi?"

"Mzee, kazi hii naifanya tangu niko shule."

Akarudi na seti mpya kwenye nailoni. Hakuchukua kalipa, kile kifaa cha kupimia unene, wala rula. Vidole vyake vina mafuta ya chipsi, na kwenye ukuta nyuma yake kibao kimeandikwa bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Nikalipa. Risiti akasema mashine imegoma.

Sasa mnaelewa kwa nini zilipovuja mchana ule nilishika simu hata mikono sijanawa. Nikamwambia sili zako feki. Nilitegemea atajitetea, anibembeleze, walau aseme pole. Akasema: "Mzee, piga ukucha kwenye shafti halafu unipigie." Akakata. Akakata simu! Rika la kitindamimba wangu. Nilikaa chini kwenye rundo la kuni nikaanza kuandika maneno haya kichwani, na mengine yalikuwa makali kuliko haya mnayosoma.

Usiku usingizi ukagoma. Nikatoka na tochi, nikasukuma shafti mpaka nje, nikaifuta kwa kitambaa. Inang'aa, mtu ungejitazama uso. Nikapitisha ukucha wa dole gumba kutoka mwisho hadi mwanzo. Unateleza, unateleza, ukanasa. Nikarudia. Ukanasa palepale. Nikasogeza tochi: vidoa vidogo kama punje za ulezi vimeizunguka shafti, vimechimbika kwenye kromu, lile ganda linalong'aa, kama makovu ya tetekuwanga. Kila bamba likienda na kurudi, vidoa vile vinapita kwenye mdomo wa sili na kuukwangua kama msasa. Hata ungeleta sili kutoka Ujerumani, zingekufa asubuhi hiyohiyo.

Nikajua vilipotoka. Tulipokuwa tunachomelea bamba kwenye kichwa cha shafti, silinda ilikuwa tayari imefungwa mahali pake, sili ndani. Umeme ulikuwa umekatika mchana kutwa, ukarudi jioni, mimi nina haraka, fundi ana haraka zaidi. Akasema, "Mzee, bana ethi popote penye chuma." Ethi ni ule waya wa kurudishia umeme wa kuchomelea; nikaubana kwenye bimu kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu na mguu wangu. Umeme wa kuchomelea ukaingia kwenye bamba, ukapita kwenye shafti, na ili urudi kwenye bimu ukalazimika kuruka pale shafti inapogusana na silinda. Kila ulipopata pa kurukia ukatoboa kromu. Pamoja na joto, ambalo mpira wa sili haulipendi. Ethi ingebanwa kwenye bamba lenyewe, hatua moja kutoka mahali tunapochoma, umeme usingekuwa na sababu ya kusafiri. Bora zaidi, shafti ingechomolewa kwanza.

Fundi ndiye aliyesema popote. Lakini aliyebana ni huyu anayeandika.

Kwa hiyo nyota mbili. Sili hazikuwa feki, hilo nalifuta, na nikizitazama sasa naona zilikaa sawasawa, hamsini kweli ilikuwa hamsini. Dole gumba la yule kijana ni kalipa. Sipendi kuliandika hilo lakini ndivyo lilivyo.

Na kuna kitu nilikiruka hapo juu kwa hasira. Kabla hajaenda kuchukua seti mpya, aliniuliza, "Shafti umekuja nayo?" Nikamjibu kwa ukali kidogo kwamba ni chuma kizima cha mkono wa kijiko, nitakibebaje kwenye basi. Akasema haya, mzee. Akaenda zake.

Hapo ndipo damu inanichemka upya, na sijui nimchemkie nani. Kama alijua shafti ndiyo ya kutazamwa kwanza, "haya mzee" ni jibu gani? Nimekaa kwenye kiti cha basi kutwa nzima, nimempa salamu, nimemwekea sili zilizochanika mbele ya macho, na mtu anayesoma kipimo kwa dole gumba hakosi kuona kwamba zimekwanguliwa, hazikuzeeka. Angesema tu, "Bila shafti usinunue." Angekosa 85,000 zangu, sawa, lakini ningerudi na shafti na ningenunua sili hizohizo. Badala yake akanipa jibu kwenye simu, bure, baada ya kula hela. Mbili inarudi moja na nusu. Na risiti bado nataka.

Fundi wa mashine ya kukerezea, Iringa, ameitazama shafti akatikisa kichwa. Kuipiga msasa haitoshi, mashimo yameingia chini ya kromu. Anasema nimletee chuma kipya cha kromu cha milimita 50, atakikata na kukikereza kichwa kwa siku moja. Nikauliza Iringa nzima, nikauliza Makambako, nikauliza Mbeya kwa simu. Wenye milimita 45 wapo, wenye 60 wapo. Chenye 50, na kwa urefu ninaoutaka, kipo duka moja tu, lenye chipsi kwenye kaunta.

Juzi nimempigia. Nikajitambulisha, mzee wa Mafinga, wa kuni.

"Ulipiga ukucha?"

Nikamwambia mimi nauliza bei tu.