Mshipi wa kuvulia: ununue upi kwanza

Pepo za kusi zikitulia, kuanzia mwezi wa kumi hivi, watu wa mjini wanaanza kuulizia mishipi. Swali huwa lilelile: "Huu unabeba kilo ngapi?" Mimi nauliza, unavua wapi? Changu wa kilo moja hana ubavu wa kukata mshipi. Anayekata ni mwamba, samaki akishakimbilia pangoni. Kwa hiyo hapa napanga mishipi kwa jinsi inavyovumilia jiwe na mkono wako, kwa mtu anayevua kwa mkono kwenye ngalawa au boti.

Namba moja ni nailoni ya uzi mmoja, unene wa milimita 0.60. Ikiwa mpya na kavu inabeba takriban kilo 20, na huhitaji zote. Unachonunua ni unene: unashikika vidoleni, haufungani hovyo miguuni, na ukikwaruzwa na matumbawe bado unabaki na kitu. Nailoni pia inavutika, kwa hiyo chewa akishtuka ghafla mdomo wake hauchaniki. Ubaya wake ni jua. Roli iliyokaa dirishani mwa duka miezi mingi imeshachoka hata kama karatasi yake inang'aa, kwa hiyo omba ya kabatini. Vuta kipande cha urefu wa mkono, kipitishe kati ya kucha mbili. Ukisikia mikwaruzo, au ukiona weupe kama vumbi, rudisha. Halafu funga fundo, lilowanishe kwa mate, kaza taratibu, vuta. Fundo likikazwa kavu linaungua kwa msuguano, nailoni ikawa mbovu palepale. Muuzaji akinuna ukimjaribia bidhaa, Kariakoo maduka hayajaisha.

Ya pili, nailoni ya 0.40. Hii ni ya ufukweni, kwa kibua na tasi kwenye mchanga. Ukiipeleka mwambani utarudi huna ndoana wala chubwi.

Ya tatu ni fluorokaboni, uzi wa plastiki unaofanana na nailoni, lakini usijaze roli nzima, ni ghali. Nunua mita chache ufunge kati ya mshipi na ndoana. Ndani ya maji haionekani kirahisi kama nailoni, nayo ni nzito kidogo, inazama yenyewe. Maji yakiwa meupe inasaidia. Yakichafuka baada ya mvua, umetupa hela. Kwa nguru sahau: yule ana meno, anataka waya.

Ya mwisho ni uzi wa kusuka. Najua vijana wanaupenda, kwa sababu ni mwembamba, una nguvu, hauvutiki, na unasikia samaki akidonoa hata kwenye pima ishirini. Kwenye fimbo yenye roli, sawa. Kwa mkono mtupu ni kisu. Mimi kolekole mmoja tu aliniachia alama kwenye kidole cha shahada, na mpaka leo ndimu ikinigusa pale naikumbuka siku ile. Isitoshe, ukisuguana na jiwe unakatika upesi kuliko nailoni nene.

Kuhusu urefu, mita 100 zinatosha, zizungushie kwenye kibao chako. Na ukitoka Kunduchi au Msasani, visiwa vya Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni hifadhi ya bahari. Ndoana ibaki kwenye ndoo mpaka uvipite.