Kufuli la king'ora: miezi minne kwenye banda la pikipiki

Habari zenu wapendwa, karibuni. Kabla ya yote tazameni hiki nilichoshika. Hili ni sikio la mlango wa banda letu la zamani, na kufuli lake hili hapa, bado limefungwa. Halina hata mkwaruzo. Lakini usiku ule pikipiki ya mdogo wangu iliondoka. Mwizi hakuhangaika na kufuli. Alifungua skrubu nne kwa bisibisi, sikio likabanduka na kufuli lake, akasukuma mlango. Mdogo wangu alikuwa amebakiza miezi saba kumaliza mkataba wa pikipiki ile. Inaniuma mpaka leo.

Haya, tuje kwenye kufuli jipya, hili la king'ora, linalopiga kelele likitikiswa. Nimelinunua Kariakoo, shilingi 25,000. Boksi limeandikwa desibeli 110, yaani ukubwa wa sauti yake. Ngoja nilitikise kidogo... Mmesikia? Hilo ni onyo la kwanza. Nikitikisa tena... Basi, basi, nimelifungua. Na hapo nipo ndani ya nyumba, mlango umefungwa!

Ndani lina vibetri sita vya kidonge, LR44, volti 1.5 kila kimoja. Mafundi saa wanaviuza. Skrubu ya kifuniko huifikii mpaka ulifungue kufuli, hilo wamefikiria vizuri. Halafu huu upinde, ukiuingiza hivi king'ora kinakaa tayari, ukiugeuza upande wa pili linakuwa kufuli la kawaida, kimya. Nawasihi mlijaribu hapohapo dukani, maana mama alilifunga upande wa kimya wiki nzima bila kujua.

Kero yake ni upepo. Mlango wetu ni wa bati, na kusi ikivuma unagonga fremu, kufuli linapiga kelele saa nane ya usiku. Majirani walinijia juu, na walikuwa na haki. Nilikata vipande vya mpira wa tairi, nikavigandisha kwenye fremu pale mlango unapogonga. Toka hapo kimya. Mvua nayo isilipige moja kwa moja.

Je, linatosha? Hapana. Upinde wake ni milimita 8, na mbele ya mkasi mkubwa wa kukatia nondo nisingeuamini. Kazi yake ni kuamsha watu. Banda letu liko hatua chache tu kutoka dirisha la chumba, ndiyo maana linanifaa. Kama lako liko nyuma kabisa ambako hakuna anayelala, hiyo 25,000 mpe kwanza fundi wa kuchomelea.

Na mpe kazi hii. Sikio alichomelee kwenye fremu, asilifunge kwa skrubu. Kama fremu ni ya mbao, atumie bolti za kichwa cha mviringo zinazopenya mpaka ndani, nati zikae upande wa ndani, kisha agonge ncha za bolti zisifunguke. Kufuli alijengee kiboksi cha chuma, kama kile cha mageti yetu, unaingiza mkono kwa chini, mkasi haupati nafasi. Akimaliza, mwonyeshe bawaba. Zikiwa nje, pini inagongwa ikatoka na mlango unafunguka upande ambao hukuufikiria. Ncha mbili za pini zichomelewe, ni kazi ya dakika chache.

Wengi mmeniuliza kuhusu mnyororo. Sisi tumekunja nondo ya milimita 16 kama herufi U, tukaizamisha kwenye zege la sakafu, miguu yake imekunjwa chini ili isivutike. Mnyororo unapita hapo na kwenye fremu ya pikipiki. Msiupitishe gurudumu la mbele peke yake jamani, lile linafunguka kwa spana, na pikipiki inabebwa.

Taa ya sola yenye kihisi nimeifunga juzi tu. Siisemei chochote mpaka ipitishe masika.